Tetemeko la 6.6 Iran laua 26,000, California wawili: nyumba zetu za Mtwara na Lindi zingesimama wapi?

Chikongola_Juu (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadau. Naomba wahandisi, mafundi na watu wa maafa mnisaidie jambo hili.

Desemba 22, 2003 tetemeko la 6.6 lilipiga San Simeon, California. Wakafa watu wawili. Siku nne baadaye, Desemba 26, tetemeko la 6.6 vilevile likapiga mji wa Bam nchini Iran, wakafa watu kama 26,000. Namba ni ileile, mwezi ni uleule. Jibu la haraka ni kwamba Marekani ni tajiri, lakini hilo halimsaidii mtu anayejenga Mtwara kwa mifuko miwili ya saruji kila mwezi. Nataka kujua hasa ni kitu gani kinachoua, ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kurekebishwa na fundi wa kawaida, na kwa nini wenzetu wengine wakishaanguka hurudi kwenye nyumba ndani ya miaka minne wakati wengine wanabaki kwenye mahema.

Najua wengi watasema matetemeko ni ya Kagera na Mbeya, sisi huku ni vimbunga tu. Lakini Agosti 12, 2020 usiku ardhi ilitikisika kutokea baharini jirani na Mafia, ukubwa wake ukakaribia 6, na watu Dar wakatoka nje ya maghorofa. Mafia na Kilwa ni majirani.

---

Mtetemo

Mada nzuri, ila mfano wako una kasoro nianze nayo, maana utawapotosha watu. San Simeon kitovu kilikuwa milimani, penye watu wachache. Waliokufa wawili walikuwa Paso Robles, kando ya jengo la zamani la matofali yasiyo na nondo. Bam tetemeko lilikuwa la kina kifupi na lilipita karibu chini ya mji wenyewe, alfajiri, watu wamelala. Mfano wa haki zaidi ni Northridge, Januari 17, 1994: ukubwa 6.7, chini ya jiji la Los Angeles, nako ilikuwa alfajiri. Walikufa watu 57 hivi. Hapo sasa linganisha na Bam, na tofauti bado ni kubwa mno.

Kilichoua Bam ni tofali la udongo mbichi, na hasa paa. Mapaa mengi yalikuwa ya kuba la udongo, mazito, yanaongezwa tabaka la udongo kila baada ya miaka. Ukuta wa namna hiyo ukianguka hauvunjiki vipande vikubwa vinavyoacha upenyo, unageuka vumbi. Mtu aliyefukiwa anakosa hewa kabla mwokoaji hajafika.

Mfano mwingine wa kuuweka kichwani ni wa 2010. Haiti Januari 12, ukubwa 7.0. Chile Februari 27, ukubwa 8.8. Kila namba moja ya ukubwa ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu kama 525, tena sehemu yao ni kwa tsunami. Haiti wanahesabiwa kwa malaki, na hata hesabu yenyewe haijawahi kukubaliwa na wote. Ni kweli kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na Port-au-Prince. Lakini angalia na hili: Chile si nchi tajiri kama Japani. Walichokuwa nacho ni kanuni za ujenzi zilizokazwa tangu tetemeko la 1960 la Valdivia (9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa), pamoja na sheria inayombana aliyejenga na kuuza jengo awajibike kwa kasoro za muundo kwa miaka 10. Jengo la ghorofa la Alto Río pale Concepción lilipoanguka na kuua watu 8, lilizungumzwa nchi nzima kwa sababu majengo mapya kuanguka mzimamzima ni jambo la nadra kwao.

Kinyume chake ni Uturuki, Februari 6, 2023. Kanuni zilikuwepo, tena nzuri. Lakini mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka kanuni, mwenye jengo analipa ada na kupata karatasi. Walikufa zaidi ya 50,000 Uturuki peke yake. Hapo umaskini si maelezo ya kutosha. Ukaguzi uliuzwa.

Kuhusu kwetu: usidanganyike na umbali wa Bonde la Ufa. Mashariki ya Mtwara, chini ya bahari, kuna mpasuko unaopita Kerimba na ukingo wa Davie, nao uko hai. Mei 1985 yalitokea huko matetemeko ya zaidi ya 6. Na tetemeko kubwa lililopimwa Afrika Mashariki karne iliyopita lilikuwa letu, Rukwa, Desemba 1910, ukubwa 7.4. Hayaji mara kwa mara, na hilo ndilo tatizo: nyumba inadumu miaka 60, kumbukumbu ya fundi inadumu miaka 10.

---

Fundi_Mikindani

Niongeze upande wa tofali, maana hapo ndipo watu wetu wanapokufa kabla ya tetemeko kufika.

Tofali la inchi 6 (18 kwa 9 kwa 6) lina ujazo wa lita 16 hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu ya lita 20. Ukimsikia fundi anajisifu anatoa tofali 40 kwa mfuko, piga hesabu: 40 mara 16 ni lita 640. Huo ni mfuko mmoja wa saruji kwa mchanga karibu mara 18. Tofali hilo unalikwangua kwa kucha. Ukitoa 20 hadi 22 kwa mfuko unakuwa kwenye moja kwa tisa au kumi, na hapo ndipo tofali linastahili kubeba ukuta. Kipimo cha uwanjani: chukua tofali la siku 14, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke bapa kwenye udongo mgumu. Likipasuka vipande viwili, fikiria. Likisambaratika, usijengee.

Mchanga. Huku pwani wengi wanabeba mchanga wa ufukweni kwa sababu uko jirani. Chumvi haidhuru tofali tupu sana, inadhuru nondo. Ndani ya miaka michache nondo inavimba kutu, zege linabanduka, na lenta (mkanda wa zege lenye nondo juu ya ukuta) uliyoitegemea inabaki jina. Tafuta mchanga wa shimo au wa mtoni. Kuujua kama una udongo mwingi: jaza chupa ya maji nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe au uachwe.

Kumwagilia: siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, kivulini au chini ya makuti. Jua la hapa linakausha saruji kabla haijashika. Tofali lililokauka siku ya pili limekufa, hata kama limechanganywa vizuri.

Sasa lenta, ambayo ndiyo roho ya nyumba wakati wa mtikisiko. Ukuta wa tofali hauna shida ya kubeba uzito wa paa. Shida yake ni kusukumwa ubavuni. Kuta nne zisizofungwa pamoja zinafunguka kama boksi la karatasi lililokatwa kona, na kila ukuta unaanguka upande wake. Lenta inayozunguka nyumba nzima, nje na ndani, ndiyo kamba ya boksi. Makosa ninayoyaona kila siku:

Lenta inawekwa juu ya madirisha na milango tu, kisha inakatika. Hiyo inashikilia dirisha. Nyumba haijafungwa.

Nondo zinafika kona na kuishia hapo, kila ukuta na zake. Kona ndiyo inayofunguka kwanza, kwa hiyo nondo za ukuta huu lazima zipinde na kuingia ukuta ule sentimita 60. Kwa nondo ya mm 12 hata kiungo cha katikati ya ukuta kipishane sentimita 60, kifungwe waya sehemu tatu. Watu wanapishanisha shubiri moja.

Ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, zinakunjwa pembe mraba na ncha zinaachwa nje. Zege likipasuka ringi inafunguka, nondo zinachomoka. Ncha zikunjwe kuingia ndani ya zege, kama ndoano, angalau sentimita 7 kila ncha. Ni kazi ya dakika moja zaidi kwa ringi.

Zege linatiwa maji mengi ili litiririke lenyewe. Kwa mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji lita 25 hadi 28 tu, na uchome kwa nondo kutoa hewa.

Gharama isikutishe. Nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye kuta za ndani mita 20 ina urefu wa lenta mita 56. Lenta ya upana wa inchi 6 na kimo cha sentimita 20, nondo nne: mita 224, ambazo ni nondo 19 za mita 12, ukihesabu mapishano na kona weka 23. Ringi kila sentimita 20 ni kama 280. Saruji mifuko 11 hadi 12. Watu wanatumia zaidi ya hapo kwenye urembo wa nguzo za baraza.

Ukiweza ongeza nguzo nyembamba za zege kwenye kila kona na kila makutano ya kuta, zisiachane zaidi ya mita 4. Siri yake ni mpangilio wa kazi: jenga ukuta kwanza, acha meno ya tofali upande wa nguzo, ndipo umwage zege lishikane na meno. Ukimwaga nguzo kwanza na kujaza tofali baadaye, unabaki ufa wa kusimama kati ya nguzo na ukuta, na tofali linatoka kama droo.

Dirisha likae sentimita 60 au zaidi kutoka kona. Hili ni bure kabisa.

---

Newala_Kitangari

Fundi, ahsante. Lakini huku juu wengi bado wako kwenye nyumba za miti na udongo. Kwa hesabu ya Bam si ndio wa kwanza kufa?

---

Mtetemo

Hapana ndugu yangu, na nafurahi umeuliza. Bam ilikuwa tofali la udongo bila mti ndani yake. Nyumba yenu ina kiunzi: nguzo za miti, fito pande zote mbili, udongo umekandikwa katikati. Udongo unaweza kubanduka wote na nguzo zikabaki zimesimama na paa juu yake. Paa lenyewe ni makuti, nyasi au bati, jepesi.

Haiti nyumba za kale za mbao za Port-au-Prince zilistahimili kuliko nyingi za bloku na zege zilizojengwa karibuni. Pakistani baada ya tetemeko la Oktoba 8, 2005 (7.6, zaidi ya 73,000 wakafa), wanakijiji wa Kashmir walisisitiza kurudia ujenzi wao wa dhajji: fremu ya mbao iliyogawanywa viboksi vidogo kwa mbao za mshazari, ikajazwa mawe na udongo. Mwaka 2006 mamlaka ya ujenzi mpya ikaukubali ujenzi huo kupewa ruzuku. Ni binamu wa nyumba ya Newala.

Nyumba inayoua zaidi katika nchi maskini ni ile ya katikati: mtu ametoka kwenye mti na udongo, ameingia kwenye bloku nzito na labda jamvi la zege juu, lakini fedha ya nondo na saruji ya kutosha hakuipata. Ana uzito wa nyumba ya tajiri na viungo vya nyumba ya maskini.

Kwa nyumba ya miti yafanyeni haya. Nguzo za kona zichimbiwe sentimita 60. Wekeni mti wa mshazari kila kona kutoka chini hadi juu, maana fito za ulalo peke yake hazizuii nyumba kuinama. Ukuta usizidi sentimita 15 kwa unene. Kila mwaka watu wanaongeza tabaka na uzito unapanda. Inueni kitako cha mawe sentimita 30 kukinga mvua. Adui mkubwa ni mchwa kwenye mguu wa nguzo: kwa nje nguzo nzima, chini ya ardhi imebaki ganda. Ichomeni sehemu inayozikwa hadi iwe nyeusi, kisha pakeni oili chafu au mafuta ya maganda ya korosho. Hayo ya korosho yanaunguza ngozi vibaya, vaeni glavu na msiwaachie watoto ndoo.

---

Nangurukuru

Nijibu swali la tatu, la kurudi kwenye nyumba. Hapo utajiri unaonekana waziwazi kuliko kwenye vifo.

Nchi tajiri hupoteza fedha nyingi zaidi, ila ni kipande kidogo cha alichonacho. Haiti hasara ilikadiriwa dola bilioni 7.8, ambayo ilizidi pato la taifa la mwaka uliotangulia, asilimia 120 hivi. Japani 2011 hasara ilizidi dola bilioni 200, na kwa uchumi wao hiyo ni asilimia chache tu. Nchi inayopoteza mapato ya mwaka mzima haijengi, inasubiri. Na Haiti waliosubiri walikuwa karibu milioni 1.5 wasio na makazi. Oktoba ya mwaka uleule wa 2010 kipindupindu kikaingia nchini kutoka kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, kikaja kuua karibu 10,000. Kikwazo kingine ambacho watu hawakitaji ni ardhi: kiwanja kimoja wadai watatu, hati hakuna, wafadhili wakaogopa kujenga.

Nepali 2015 (7.8, karibu 9,000 wakafa) waliweka utaratibu ambao unafaa kuusoma. Kila kaya rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 ukisaini, 150,000 msingi ukikaguliwa, 100,000 kuta na mkanda vikikaguliwa. Fedha inafuata ukaguzi, hivyo nyumba zikafungwa mikanda kweli. Ubaya wake nao mliangalie. Kiasi kilikuwa chini ya gharama ya nyumba, wengi wakakopa kwa riba kali. Mpaka wa India ukafungika kwa miezi, bei za vifaa zikapanda. Vijana mafundi walikuwa Ghuba. Wengine wakajenga chumba kimoja tu ili wasipoteze awamu, familia ikaendelea kulala bandani.

Matajiri nao wasionewe wivu sana. Christchurch, New Zealand, Februari 22, 2011, walikufa 185, na 115 kati yao kwenye jengo moja tu, la CTV. Karibu kila nyumba ilikuwa na bima. Bado katikati ya jiji palizungushiwa uzio zaidi ya miaka miwili, na madai ya bima yakawachosha watu kwa miaka. Mitaa ya ardhi ya mchanga uliojaa maji ilibomolewa moja kwa moja, maana mchanga ule ukitikiswa unakuwa uji na nyumba inazama. Wa Shangani ya Mtwara na wa kando ya maji Lindi, hilo liwakae. Kobe, Japani, 1995, bandari ilikuwa ya sita duniani kwa makontena. Ilijengwa upya kwa miaka miwili tu, lakini meli zilikwishazoea Busan na hazikurudi zote. Wa bandari ya Mtwara wanaelewa maana yake.

Kwetu Kagera, Septemba 10, 2016, ukubwa 5.9, walikufa 17. Fedha za maafa zilielekezwa zaidi kwenye shule, zahanati na miundombinu ya umma, na wenye nyumba kwa sehemu kubwa wakajijengea. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Mtwara apange kana kwamba atajijengea. Picha za kila ukuta, stakabadhi za vifaa na nakala ya hati au leseni ya makazi ziwe kwenye simu na kwa ndugu mwingine aliye mkoa tofauti. Ukiwa na bima ya moto, uliza kwa maandishi kama tetemeko limo. Mara nyingi ni nyongeza unayoilipia kando.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizeni kwa mwenyekiti wenu majina ya wajumbe. Kamati hiyo ndiyo itakayoandika orodha ya walioathirika, na jina lililokosewa siku ya kwanza linasumbua mwaka mzima.

---

Kilwa_Kivinje

Mmesahau bahari. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilitoka Sumatra, ikachukua saa kadhaa kufika, na bado Somalia iliua karibu watu 300, na Dar watu waliokuwa wakiogelea. Tetemeko la huo mpasuko wa Davie halitatoa saa kadhaa, ni dakika. Hakuna ujumbe wa simu utakaowahi. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, au hata kwa upole lakini ikapita sekunde 20 hivi, walio ufukweni waondoke kwa miguu papo hapo, wasingoje kuona maji yakirudi nyuma. Mikindani wana vilima mgongoni, wapande. Msimbati ni tambarare, waende bara kilomita mbili au tatu. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na wanaorudi kuokota samaki ndio wanaochukuliwa na la pili. Mwenye ngalawa aliye mbali kwenye maji mengi abaki hukohuko.

---

Chikongola_Juu

Nimefaidika sana. Fundi, la mwisho: nyumba imekwisha kuezekwa, lenta ni ya vipande, na gebo ni la tofali hadi juu. Kwa fedha kidogo uanzie wapi?

---

Fundi_Mikindani

Anzia gebo. Ile pembetatu ya tofali juu ya lenta haina kitu kinachoishikilia, ndiyo inayoanguka kwanza, na huangukia ama kitandani ama kwa anayekimbia nje. Dawa bora ni kuibomoa kozi kwa kozi hadi usawa wa lenta, kisha uzibe kwa mbao na bati. Tofali utazitumia kwenye uzio. Kama hutaki kubomoa, pitisha mbao za 2 kwa 4 mbili kila gebo, moja ndani moja nje, uzifunge pamoja kwa bolti za mm 12 zinazopenya ukuta kila sentimita 60, na ya ndani uipigilie kwenye kenchi tatu za mwanzo. Misumari peke yake kwenye tofali haishiki.

Pili, funga wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta na kubeba paa) kwenye ukuta. Kila mita moja toboa ukuta kozi mbili chini ya wolpleti, pitisha waya wa mm 4 mara mbili, uzungushe juu ya mbao na uukaze kwa kusokota na msumari, kisha uzibe tundu kwa saruji. Kazi hiyo ungeihitaji hata kwa upepo wa vimbunga kama Kenneth au Hidaya.

Tatu, kona. Kwangua plasta sentimita 60 kila upande wa kona, ndani na nje, kutoka msingi hadi lenta. Tandaza wavu wa chuma wa matundu ya inchi moja, uufunge wa ndani na wa nje kwa waya unaopenya ukuta kila sentimita 30, halafu piga plasta ya moja kwa tatu yenye unene wa sentimita 2 na nusu. Mwagilia siku 7. Usiunganishe wavu kwa ndani tu, ukuta ukisukumwa upande wa pili unapasuka kama haujafanyiwa kitu.

Kabla ya yote angalia nyufa. Ufa wa ngazi-ngazi unaofuata viungo vya tofali na unaoingiza sarafu, maana yake msingi unashuka. Huo utafutiwe chanzo kwanza, mara nyingi ni maji ya bati yanayoangukia kitako bila mfereji. Ukipiga wavu juu ya msingi unaoshuka, utaupiga tena mwakani.